Mbwa hana mkono wa kurushia jiwe

Inama barabarani kama unayeokota kitu, uone mbwa wa mtaani atakavyotimka. Jiwe hujaligusa, naye keshajua.

Kajuaje? Jibu linalopendwa, hasa na wahamasishaji, ni nyuroni za kioo, seli za ubongo ambazo kundi la Giacomo Rizzolatti wa Parma, Italia, lilizigundua kwa tumbili: husisimka tumbili anaposhika kitu, na pia anapomwona mwingine akikishika. Eti tunamwelewa mwenzetu kwa kulirudia tendo lake kimyakimya ubongoni. Hoja ina nguvu zake. Mwaka 2008 Salvatore Aglioti na wenzake walikuta wachezaji mahiri wa kikapu wanatabiri mpira utaingia au la vizuri kuliko makocha na waandishi wa michezo, tena kwa kuusoma mwili wa mrushaji.

Ila kujua mpira utaangukia wapi si kujua mtu anataka nini. Upande wa pili, wa wanaolipinga jibu hilo la kioo, hudhaniwa unamfanya kila mtazamaji hakimu wa kupiga mahesabu. Wao wanasema tu kwamba nia haikai mkononi peke yake, lazima utazame na kilichouzunguka mkono.

Mwaka 2002 György Gergely, Harold Bekkering na Ildikó Király waliwaonyesha watoto wa miezi 14 mtu akiwasha taa kwa kuibonyeza na paji la uso. Mikono yake ikiwa huru mezani, asilimia 69 ya watoto walitumia kichwa nao. Akiwa kajifunika blanketi na mikono imelishikilia, walikuwa asilimia 21 tu. Namba hizi mbili haziniachi. Kichwa kilekile, taa ileile, tofauti ni blanketi! Ni kama mtoto anajiambia: huyu mikono ilikuwa na kazi, mimi yangu haina.

Watu wa kioo wana jibu, na si la kupuuza. Mwaka 2011 Markus Paulus na wenzake, Bekkering yuleyule akiwemo, walisema mtoto hawezi kuinamia taa bila kuegemeza mikono mezani, hivyo humwiga yule ambaye mikono yake iko mezani kama yake. Hapo namba zangu zinapungua uzito, nakubali.

Lakini mbwa je? Hajawahi kurusha jiwe, wala hana mkono wa kulirushia. Mtasema ni mazoea, kapigwa sana. Haya, basi mazoea hayo yamefanya kazi bila kioo. Na hukosea vilevile: mara ya mwisho nilipomtimua mmoja, nilikuwa nafunga kamba za kiatu.