Sekunde 20 za kuamua nani afe

Wanaodai mkataba wa kudhibiti silaha zinazojiamulia, yaani zinazochagua na kupiga shabaha zenyewe, hupuuzwa mapema. Huambiwa kwamba wanaogopa maroboti ya sinema, na kwamba hakuna jeshi linaloiachia mashine iue bila mtu kuidhinisha. Lakini wao hawasemi mtu ameondolewa. Wanauliza huyo mtu aliyebaki anafanya nini hasa.

Aprili 2024 jarida la +972 la Israel, likiwanukuu maofisa sita wa ujasusi wa nchi hiyo, lilieleza kuhusu programu ya akili mnemba iitwayo Lavender iliyotumika Gaza. Kwa maelezo yao, katika wiki za mwanzo za vita iliwaorodhesha Wapalestina wapatao 37,000 kuwa washukiwa wa uanamgambo, na ilijulikana hukosea kwa takriban asilimia 10. Kila jina lilipewa kama sekunde 20 za kukaguliwa na ofisa, mara nyingi kuhakikisha tu kwamba anayelengwa ni mwanamume. Jeshi la Israel lilikanusha, likisema mifumo yake ni nyenzo za kuwasaidia wachambuzi, nao hukagua wenyewe.

Tuchukue maelezo ya maofisa hao kama yalivyo. Sekunde 20 kwa majina 37,000 ni kazi isiyofika saa 206. Asilimia 10 ya majina hayo ni watu 3,700. Ndani ya sekunde 20 ofisa hawezi kujua kama simu inayofuatiliwa bado iko kwa mwenyewe au ameshampa mdogo wake. Hawezi kujua kama ni mtu mwingine mwenye jina hilohilo. Hana hata msingi wa kukataa, kwa kuwa hajaona chochote zaidi ya kile mashine ilichomwonyesha. Hata hivyo, kwenye kumbukumbu za jeshi itaandikwa kwamba binadamu aliamua. Ofisa atasema alifuata mfumo, na aliyeutengeneza atasema kuna ofisa aliyeidhinisha. Ndugu wa marehemu wamshtaki nani?

Gaza si mwanzo. Mwaka 2003, katika vita vya Iraq, mitambo ya Patriot ya Marekani, inayotungua ndege na makombora, iliitambua ndege ya Uingereza aina ya Tornado kuwa kombora, ikaiangusha na kuua wanajeshi wawili. Siku chache baadaye ikaangusha ndege ya jeshi la wanamaji la Marekani lenyewe, na rubani wake akafa. Wahudumu walikuwepo mitamboni mara zote mbili.

Upande wa pili una hoja za kweli. Meli iliyorushiwa kombora haiwezi kungoja nahodha atafakari. Huko Ukraine mawasiliano ya droni hukatizwa kila siku, hivyo droni inayoweza kumaliza safari yenyewe ndiyo inayofika. Ni vigumu kumwambia askari anayetetea kijiji chake aiache. Wapo pia wanaokumbusha kwamba mashine haina hasira wala kisasi. Ila kinachopendekezwa hakigusi sehemu kubwa ya hayo. Tangu 2021 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inataka zipigwe marufuku silaha zinazojiamulia zilizoundwa kulenga watu na zile zisizotabirika, nyingine ziwekewe mipaka ya shabaha, mahali na muda. Kinga ya meli ingebaki.

Huko Geneva nchi zimezungumzia silaha hizi tangu 2014, na kwa kuwa uamuzi unahitaji maafikiano ya wote, nchi moja inatosha kukwamisha. Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura 166 kwa 3 kuendeleza suala hilo. Zilizopinga ni Urusi, Belarus na Korea Kaskazini. Wenye shaka huuliza mkataba bila mataifa makubwa una faida gani, wakitaja ule wa mabomu ya ardhini wa 1997, ambao Marekani, Urusi na China hazikusaini na ambao mwaka 2025 majirani kadhaa wa Urusi waliamua kujitoa. Hoja hiyo inauma. Lakini leza za kupofusha macho zilipigwa marufuku mwaka 1995 kabla hazijaenea vitani, na Marekani, Urusi na China zimo katika marufuku hiyo.

Ninachohofia zaidi ni mkataba utakaopita ukiwa mwepesi. Ukidai tu kwamba binadamu awepo, mfumo wa sekunde 20 utakuwa halali. Lazima udai muda wa kutosha kuchunguza, taarifa zisizotoka kwenye mashine ileile, na jina la mkuu atakayejibu mahakamani kwa kila shambulio.