Kikao Kiende Saa Nane

Jumatatu nimefika ofisini nikakuta tangazo ubaoni: kuanzia wiki hii, kila siku saa mbili na nusu asubuhi, wafanyakazi wote ukumbini kwa kikao cha kupanga siku. Nimelisoma mara mbili, begi bado begani. Nimekasirika kiasi kwamba nimeona bora niandike kuliko kumjibu mtu vibaya.

Tupige hesabu basi. Ubaoni imeandikwa saa mbili na nusu, lakini bosi akiwa kwenye foleni tunamngoja. Kikianza, kila mmoja anaeleza alichofanya jana, mambo yanayomhusu yeye na mwenzake mmoja tu, wengine tunatazama meza. Tunatoka saa nne, na saa nne ni chai. Ukirudi kwenye kiti ni saa nne na nusu, barua pepe zimejaa, na ukija kuinua kichwa adhana ya adhuhuri hiyo. Tupo 11. Saa moja na nusu mara 11 ni saa 16 na nusu, yaani zaidi ya siku mbili za kazi za mtu mmoja, zinakwenda kila siku inayopambazuka. Na hazikukatwa kwenye mfupa. Zimekatwa kwenye mnofu.

Mimi ni mfasiri. Kazi zangu nyingi ni za afya: vipeperushi vya chanjo, fomu za ridhaa, maelezo ya dawa. Neno moja likiteleza, mtu anameza asichotakiwa kumeza. Mwaka jana nilikuwa na karatasi ya dawa ya kukabidhi siku hiyo hiyo, nikaitengea asubuhi. Tukaitwa kikao cha dharura, tukatoka saa sita. Nimekuja kuishika saa tisa alasiri, macho mazito, na pale palipotakiwa kusomeka dawa itumike kila baada ya saa nane, nikaandika itumike mara nane kwa siku. Mara nane, badala ya mara tatu! Nikaipitia tena nikaiona sawa. Aliyeikamata ni dada mfamasia anayehakiki kazi zetu. Hakunigombeza. Alinipigia akaniuliza, "Mdogo wangu, hii uliifanya saa ngapi?"

Swali lile sijalisahau. Hakuuliza kwa nini nimekosea, aliuliza saa, kwa sababu kwa miaka yote anayosoma kazi zetu ameshajua zile za asubuhi na zile za jioni bila kuambiwa. Tangu siku ile nimejiwekea sharti: chochote chenye kipimo cha dawa nakifasiri kabla ya saa nne au kinalala mpaka kesho. Sasa tangazo hili linaniambia sharti langu halipo.

Najua nitaambiwa kikao ni saa moja na nusu tu, asubuhi bado ndefu. Si kweli. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi moja na kuingia nyingine, sehemu ya akili inabaki kule alikotoka, hasa kama kule hakujamalizika, na kazi ya pili inaharibika. Kikao chetu huwa hakimaliziki kamwe. Unarudi mezani ukiwa na neno la bosi kichwani, na jibu ambalo ungempa, na ahadi uliyoitoa kwa haraka ili watu wainuke. Utafasiri nini hapo?

Marehemu mama alikuwa akiuza maandazi. Watu walimsifu kwa kuamka saa tisa usiku, lakini mimi niliyelala chumba kimoja naye najua siri haikuwa kuamka. Alikuwa anakanda unga kabla ya kulala, kuni zimepangwa, mafuta yamepimwa, chenji imefungwa kwenye kona ya kanga. Alfajiri hakuwa na jambo la kuamua, ilikuwa moto na mikono tu. Na mtu akija asubuhi kuulizia deni, mama alimwambia aje magharibi. Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu, na yeye aliishika kwa maana yake halisi kabisa. Nami nafanya vivyo hivyo. Sitoki ofisini kabla sijaweka juu ya meza ukurasa wa kesho, istilahi ngumu nimeshazitafuta, sentensi ya kwanza nimeiacha nusu. Nikifika naimalizia ile nusu, na tayari niko ndani ya kazi.

Lugha yetu yenyewe inajua jambo hili. Wenzetu siku yao inaanza usiku wa manane, watu wamelala. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga imetimia. Madrasa tulifundishwa dua ya Mtume (S.A.W.), Ee Mola, wabariki umma wangu katika asubuhi zao, na kwamba Sakhr aliyeipokea alikuwa mfanyabiashara, akituma bidhaa zake mwanzo wa mchana, akatajirika. Utumishi wa umma hapa Tanzania unaanza saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 9:30 alasiri, na katika hilo mimi nawaunga mkono serikali moja kwa moja.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo ambao akili zao zinafunguka usiku. Saa ya mwili ni kitu cha kweli. Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kugundua inavyofanya kazi ndani ya nzi wadogo wa matunda. Basi nao walindiwe usiku wao. Na mama anayeandaa watoto wa basi la shule saa kumi na moja, asihubiriwe na mtu kuhusu asubuhi. Yeye keshafanya zamu nzima. Wale wanaohimiza vijana waamke saa kumi huku wakilala saa saba, wanawadhuru. Mimi nalala saa nne.

Simu? Simu kubwa inakaa ndani ya begi mpaka saa nne, makundi ya vikoba na ya harusi yatanisamehe. Nina kitochi mezani, na namba hiyo wanayo watu watano wa nyumbani.

Sikatai vikao. Tukutane saa nane mchana, tumekula, joto limepanda, kichwa hakitaki tena sentensi ngumu lakini kinaweza kusikiliza na kuongea. Nimeyaandika haya kwa barua ya heshima, nikampelekea bosi mkononi. Ameisoma yote mbele yangu, akasema, "Niachie niitafakari." Namshukuru kwa kuisoma.

Kesho kikao kipo. Nitapanda gari Kimara kabla ya saa kumi na mbili, nifike saa moja na robo, na ukurasa wa chanjo ya watoto nimeuacha juu ya meza, sentensi ya kwanza nusu.