Mshika kamba ndiye fundi

Mwembe wa nyumbani kwetu Tanga ulikuwa umelaza tawi juu ya bati la jirani. Tukamwita mkwezi, kijana anayepanda mnazi huku anapiga soga. Akauliza, "Wa kushika kamba mnao?" Tukawaita vijana wawili waliokuwa wakicheza drafti barazani. Kosa letu lilianzia hapo.

Tawi lilikuwa na kipenyo cha sentimita 30 hivi na urefu wa mita 3. Mti mbichi uzito wake haupishani sana na wa maji, kwa hiyo kile kilikuwa kipande cha kama kilo 200: mifuko minne ya saruji inaning'inia hewani. Vijana wakazungusha kamba viganjani. Tawi lilipoachia, mmoja alinyanyuliwa miguu ikaacha ardhi, mwenzake akachunwa viganja, bati likatoboka.

Mzee wa nyumba ya tatu, aliyewahi kuwa baharia wa jahazi, alikuja akicheka. "Wanangu, uzito kama huo mnaushusha kwa mikono mitupu?" Akaichukua kamba, akaizungusha mara tatu kwenye shina, na tawi la pili likashuka mtu mmoja ameshika ncha. Msuguano ndio uliobeba. Kila mzunguko unapunguza mara kadhaa nguvu unayohitaji, na mizunguko hiyo huzidishana.

Alitufundisha pia kwamba panda ya mti, pale matawi yanapoachana, inayopitishwa kamba iwe juu ya mahali panapokatwa. Ikiwa chini, tawi linaporomoka kwanza ndipo kamba ikaze, na mshtuko huo unazidi kwa mbali uzito wa tawi lenyewe. Hata kamba ikiwa juu, usiikabe ghafla. Iache itembee kidogo, kisha ibane taratibu. Mkwezi naye aanze kukata upande wa chini, kama theluthi ya unene, la sivyo gome linachanika mpaka kwenye shina.

Wapo wanaosifia kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Mimi bado sijashawishika, kwa kazi zetu hizi za uani. Kapi linaondoa msuguano wa panda, na pale lilipofungwa panabeba tawi pamoja na mvuto wa aliye chini, yaani karibu mara mbili. Ukilifunga kwenye tawi bovu umejitafutia msiba. Faida yake naiona kwenye kamba za plastiki, ambazo zikisuguana na gome kwa kasi huyeyuka. (Matawi yaliyogusa nyaya za umeme siyazungumzii, hayo waachie TANESCO.)

Kinachonikera ni malipo. Aliye juu na msumeno analipwa, aliye chini anapewa soda, ilhali bati, ukuta na kichwa cha mkwezi mwenyewe vimo mikononi mwake. Mwezi uliopita tulipunguza matawi ya mti wa mkungu wa mbele ya nyumba, nikawalipa wote wawili sawasawa. Mkwezi alinuna mpaka jioni.