Ile pua ya boksi

Binamu yangu amenyang'anywa pikipiki. Alikopa shilingi 20,000 kwa shylock, yaani mkopeshaji wa riba, wa pale steji, zikazaa, zikazaa tena, na Jumamosi vijana wawili wakaja na karatasi aliyoitia sahihi bila kuisoma. Tunampa pole kwenye grupu la familia, mara mjomba anaandika: "Shylock ni shylock. Wayahudi ndivyo walivyo."

Mjomba, nisamehe, lakini yule mkopeshaji unamjua. Ni mzee wa kanisa!

Ila simwezi mjomba, maana na mimi nina yangu. Shuleni tuliigiza tamthilia yenyewe lilikotoka jina hilo, The Merchant of Venice ya Shakespeare, ambamo Shylock ni Myahudi mkopeshaji, na aliyekuwa Shylock akakatiwa pua ya boksi, ndefu, ikafungwa kwa uzi nyuma ya masikio. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Darasa zima hatukuwa tumewahi kuonana na Myahudi, na sinagogi ya Nairobi tulikuwa tukiipita kwa matatu bila kujua ni jengo gani, lakini pua tuliijua.

Shakespeare naye aliandika miaka ya 1590, katika nchi iliyowafukuza Wayahudi tangu 1290. Wengi wa waliokuja kumcheka Shylock walikuwa kama sisi tu. Na huko Venisi kwenyewe, kuanzia 1516 Wayahudi walikuwa wakifungiwa usiku katika mtaa wa Ghetto, mchana watembee na alama ya kuwatambulisha. Kumiliki ardhi, hapana. Vyama vya mafundi, hapana. Riba, ambayo kanisa liliwakataza Wakristo, hiyo wakaachiwa, pamoja na kazi nyingine chache kama kuuza mitumba. Unamfungia mtu karibu milango yote, unambakizia michache, halafu unamzomea kwa kupitia hiyo hiyo.

Haya, nakubali, ile hotuba ya Shylock ya kuuliza kama Myahudi hana macho ni nzuri. Lakini mahakamani wanamlazimisha awe Mkristo, na ukumbi wetu ulishangilia. Mimi ndiye niliyekuwa Gratiano, kazi yangu kumzomea, na sijapigiwa makofi kama yale tena maishani. Vienna waliiigiza 1943, chini ya Wanazi, Wayahudi wa mji wakiwa wameshakimbia au kupelekwa kuuawa. Nao bila shaka walipiga makofi.

Nyerere alipoitafsiri, 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Kichwa cha Kiingereza kina mfanyabiashara mmoja, na wala si Shylock, ni Antonio, Mkristo aliyemkopa. Mwalimu akawatia wote chungu kimoja.

Nimemwandikia mjomba haya yote. Amejibu kwa kidole gumba. Binamu anauliza nani ana 32,000.