Chekechea ya Siku Nzima Ilipiwe kwa Ukamilifu

Hadi mwaka 2019, jimbo la Colorado nchini Marekani lilimhesabu mtoto wa chekechea kwa asilimia 58 tu ya fedha alizotengewa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Fedha hizo zilikusudiwa takriban nusu siku tu ya masomo, na pengo lililobaki ili mtoto asome siku nzima lilizibwa kwa namna mbili: baadhi ya wilaya za elimu zilichota katika mafungu yao mengine, na nyingine ziliwatoza wazazi ada, mara nyingi dola mia kadhaa kwa mwezi. Matokeo yake, ndani ya shule ileile ya umma, mtoto wa mwenye nacho alibaki darasani mpaka alasiri, na mwenzake akarudishwa nyumbani adhuhuri wakati wazazi wake wangali kazini.

Hiyo ilikuwa dhuluma, na ndiyo maana naiunga mkono kwa moyo wote sheria aliyoitia saini Gavana Jared Polis mwezi Mei 2019, ambayo ililifanya jimbo kulipia chekechea ya siku nzima, ilitengewa takriban dola milioni 175 katika bajeti ya mwaka wa kwanza na kuzizuia shule kutoza ada ya chekechea.

Wapinzani walihoji kwa nini jimbo ligharamie jambo ambalo watoto wengi tayari walikuwa wakilipata. Walilipata, naam, lakini kwa fedha ambazo wilaya zingeweza kuzitumia kwa vitabu na mishahara ya walimu wa madarasa mengine, au kwa fedha za mfukoni mwa mzazi. Wengine walitaka zisaidiwe familia maskini peke yake. Hata hivyo, hakuna anayeuliza kipato cha baba kabla ya kumruhusu mtoto wa darasa la pili kusoma mpaka saa tisa, nami sioni sababu ya kumwuliza mdogo wake. Huko Aurora, jirani na Denver, wanakoishi wakimbizi wengi, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani, saa hizo za mchana ndizo zinazomzoesha mtoto Kiingereza kabla hajaanza darasa la kwanza.

Wasiwasi wangu uko kwenye fedha zenyewe. Tangu marekebisho ya katiba ya jimbo ya mwaka 1992, kodi za jimbo haziwezi kupandishwa bila kura ya wananchi, na wapiga kura walikataa nyongeza kwa ajili ya shule mwaka 2013 na tena 2018. Kwa hiyo chekechea inategemea mfuko uleule unaogombewa na barabara, matibabu na magereza. Mapato yakishuka, wabunge wayasambaze makato katika madarasa yote kwa usawa, wasirudi kumpunguzia mtoto wa miaka mitano kwa kisingizio kwamba sheria ya Colorado haimlazimishi kuhudhuria chekechea.