Deni la Mrusi: tunamlipa nani hasa?

Baba mdogo wangu alisoma uinjinia Kharkiv, Ukraine, miaka ya themanini na mpaka leo ukimuuliza atakwambia "nimesoma Urusi". Februari 24, 2022 mabomu ya Mrusi yalipoanza kudondoka Kharkiv yeye alikuwa sebuleni anaangalia taarifa ya habari na yuko upande wa Mrusi moja kwa moja. Nikamuuliza, baba, si ndo kulekule ulikosoma? Akanyamaza kidogo, afu akasema "hawa Nato wamezidi". Toka siku hiyo nimekuwa nasikiliza watu wa kwetu wanavyoipokea hii vita, kijiweni, kwenye daladala, mpaka msibani, na mi naona wengi wetu Ukraine yenyewe hatuizungumzii kabisa. Tunazungumzia ugomvi wetu wa zamani na wakubwa wa magharibi, Ukraine ni uwanja tu wa kuchezea hiyo mechi.

Sasa kabla hujanirukia, wanaomtetea Mrusi wana hoja zao na sio za kubeza. 2003 Marekani na Uingereza waliingia Iraq kwa kisingizio cha silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana mpaka kesho, na hamna rais wa Marekani aliyewekewa vikwazo wala timu ya taifa yao kufungiwa mashindano. 2011 ikaja Libya, Umoja wa Afrika ulikuwa na kamati yake ya marais wa kusuluhisha, wakataka kwenda Tripoli wakanyimwa ruhusa ya kuruka, ndege za nchi za Nato zikaanza kupiga, Gaddafi akafa, silaha zikasambaa Sahel nzima na anayelipa gharama mpaka leo ni Mali na Burkina Faso. Kwahiyo mtu akisimama kuhubiri "sheria za kimataifa" halafu ndo huyohuyo wa Iraq na Libya, lazima watu wacheke. Na Nato nao mwaka 2008 pale Bucharest walitamka wazi kwamba Ukraine na Georgia zitakuja kuwa wanachama, bila kusema lini wala kuwapa ulinzi wowote, yaani wakamchokoza Mrusi afu wakawaacha wenzao nje ya nyumba.

Na kuna lile la mpakani, hili ndo liliuma watu weusi kuliko yote. Wiki ya kwanza ya vita wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wanakimbilia Poland walisukumwa nyuma ya foleni, wengine walishushwa kwenye treni, kwenye baridi ile, ikabidi Umoja wa Afrika utoe tamko Februari 28 kusema huo ni ubaguzi wa rangi. Mtu aliyeona zile video akiwa Dar au Mombasa hakuhitaji propaganda ya Mrusi tena, alishachagua upande.

Ukienda Goma ndo utasikia kali zaidi. Wakongo wanauliza, sisi tumevamiwa na jirani miaka na miaka, mbona kwetu hamna vikwazo vya haraka vile, mbona hamna bendera yetu kwenye majengo ya Ulaya? Waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025, na Baraza la Usalama la UN mwezi uliofuata ndo likaitaka Rwanda iondoe jeshi lake Congo. Na ukumbuke Machi 2022 Rwanda ilipiga kura kulaani uvamizi wa Ukraine. Mi hapo sina hata la kuongeza.

Lakini hizi hoja zote ukiziangalia vizuri zinathibitisha kwamba wakubwa ni wanafiki, basi. Hazithibitishi kwamba Mrusi yuko sahihi. Jirani yako akiibiwa huwezi kusema mwache aibiwe kwa sababu polisi mwenyewe mla rushwa.

Februari 21, 2022, siku tatu kabla ya vita, kulitolewa hotuba mbili ndani ya siku moja ambazo mi naona zinatosha kuelewa ugomvi wote. Putin alikaa mbele ya kamera Moscow karibu lisaa akieleza kwamba Ukraine ya leo imetengenezwa na Lenin, mwanzilishi wa Sovieti, na Wabolsheviki wake, yaani sio nchi hasa, ni mpaka uliochorwa vibaya. Usiku wa siku hiyohiyo New York, balozi wa Kenya UN, Martin Kimani, akasimama Baraza la Usalama akasema mipaka yetu sisi hatukuichora, ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kutuuliza, na kila upande wa mpaka kuna ndugu zetu, lakini tuliamua kukaa nayo kwa sababu tungeanza kutafuta nchi za kabila moja moja mpaka leo tungekuwa tunachinjana. Na hakuwasamehe wakubwa wengine, aliwagusa nao kwa tabia yao ya kuvunja sheria za kimataifa wakijisikia. Hii sio maneno ya balozi tu, ni uamuzi wa OAU, ule umoja wa nchi za Afrika wa zamani, Cairo 1964. Wadigo wako Horohoro na wako Lungalunga, Wamasai wako kwetu na Kenya, Wamakonde wamegawanywa na Ruvuma. Hoja ya Putin ukiileta huku nani atabaki na nchi?

Na sisi Watanzania hoja hiyo tulishaletewa. Idi Amin mwishoni mwa Oktoba 1978 aliingiza jeshi Kagera, akalipua daraja la Kyaka na kutangaza kwamba ardhi yote kaskazini ya mto sasa ni Uganda. Mwalimu akatoka na ile hotuba ya nia, sababu na uwezo, kila mtu anaijua. Kinachosahaulika ni kwamba OAU haikumlaani Amin, Mwalimu alilalamika sana kuhusu ukimya ule, na Libya ikamletea Amin askari. Yaani wenzetu wengi walifanya kilekile tulichofanya sisi Machi 2, 2022 kwenye kura ya UN kuhusu Ukraine, walijizuia. Mtu anaweza kusema sisi nasi tulivuka mpaka hadi Kampala Aprili 1979, kweli, na kuna marais wa Afrika walitusema kwa hilo, ila hatukuchukua hata shamba moja la Mganda tukaita Tanzania.

Sasa ile kura ya Baraza Kuu la UN. Nchi 141 zililaani, 5 zilikataa, 35 zilijizuia, Tanzania, Uganda na Burundi zikiwemo kwenye hizo 35, Kenya, Rwanda na Congo ya Kinshasa wakalaani. Kwetu sababu inayotajwa ni mbili, kutofungamana na upande wowote, na deni. Deni maana yake Sovieti ndo alitoa silaha na mafunzo kwa wapigania uhuru, Frelimo, MPLA, ANC na wenzao, na mzigo mwingi ulipitia bandari ya Dar. Ni kweli kabisa na mtu asiyejua hilo asituhubirie.

Ila hebu tulikague hilo deni. Sovieti haikuwa Urusi peke yake, Ukraine ilikuwa mle ndani. Kambi ya Perevalnoye ambako wapiganaji wengi wa Kiafrika walifundishwa iko Crimea, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Ukraine. Baba mdogo alilishwa na kufundishwa na watu wa Kharkiv. Kwahiyo kama ni deni la shukrani basi tunadaiwa na wote wawili, na hatujawahi kusikia mdai mmoja akija kumpiga mwenzake afu mdaiwa anasema nakaa kimya kwa heshima ya deni.

La pili ndo lilinishangaza mwenyewe. Agosti 1968 Sovieti alipoingiza vifaru Czechoslovakia, serikali ya Mwalimu ililaani waziwazi na vijana wakaandamana mpaka ubalozi wa Sovieti hapahapa Dar. 1968! Wakati vita ya Msumbiji imepamba moto na hizo silaha za Mrusi tunazihitaji kuliko kipindi chochote. Yaani deni lilipokuwa bado bichi tulisema, leo limepoa nusu karne ndo tunaogopa. Kwahiyo kutofungamana kwa wakati ule hakukuwa kunyamaza, ilikuwa ni kumwambia yeyote ukweli.

Mi siilaumu sana serikali kujizuia, tuseme ukweli. Ngano tunanunua nje na Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zinauza karibu theluthi ya ngano inayouzwa nje duniani, mbolea vilevile Mrusi yumo, na Mei 2022 petroli ilishapita shilingi 3,000 kwa lita mpaka serikali ikabidi itoe bilioni 100 za ruzuku. Nchi ndogo inapiga hesabu. Waseme ni hesabu basi, tutaelewa. Ninachogombana nacho ni ule ushangiliaji. Kuna jenerali mmoja Uganda, Muhoozi, mtoto wa rais, siku ya tano tu ya vita aliandika kwamba watu wengi duniani wasio wazungu wanamuunga mkono Urusi. Nani alikutuma utusemee?

Kuna wanaosema mbona Warusi wenyewe wanaikubali, kura za maoni za Levada, shirika la hukohuko Urusi, zilionesha zaidi ya asilimia 70. Sawa, lakini toka Machi 4, 2022 kuna sheria inayokupa mpaka miaka 15 jela ukisema "uongo" kuhusu jeshi, diwani mmoja wa Moscow, Alexei Gorinov, alipewa miaka 7 kwa kupinga mashindano ya kuchora ya watoto yafanyike huku watoto wengine wanakufa vitani. Sasa mtu anakupigia simu usiyemjua anauliza unaunga mkono? We ungejibu nini? Septemba Putin alipotangaza kuita askari wa akiba 300,000 foleni ya magari mpaka wa Georgia ilikuwa ya kutisha, mguu niponye. Hiyo nayo ni kura ya maoni.

Na wa kwetu wamekufa kule. Kijana Mtanzania aliyekuwa anasoma Moscow alifungwa, akaahidiwa msamaha akikubali kupigana kwenye Wagner, jeshi la kukodiwa la Mrusi, akafia Ukraine Oktoba 2022, serikali ikathibitisha Januari iliyofuata. Siku habari ile ilipotoka kijiweni kwetu hakukuwa na mtu wa kushangilia, stori ikahamia kwenye Simba na Yanga haraka sana.

Februari 24, 2025, miaka mitatu kamili, Baraza Kuu la UN likapiga kura tena kuhusu uvamizi ule na safari hii Marekani ya Trump ikapiga kura ya hapana, upande mmoja na Urusi na Korea Kaskazini. Nikampigia baba mdogo nimpe habari. Akakaa kimya kidogo kama siku ile.

"Marekani yuko na Mrusi?"

"Ndio baba."

"Aah," akasema, "basi lazima kuna mahali Mrusi amekosea."