Tawi la Posta Nairobi: kujitoa, kungoja uchaguzi, au kushika mfuko

Mishahara ya Posta imechelewa mara nyingi miaka ya karibuni, hadi suala hilo likafika bungeni. Kila inapochelewa, mabishano ni yaleyale. Wapo wanaosema COWU, chama cha wafanyakazi wa mawasiliano, kimekuwa kikubwa na cha mbali mno, hivyo watu wa posta wajitoe na kuunda chao. Wengine wanajibu kwamba kujitoa ni kumchekesha mwajiri: ngojeni uchaguzi, muwaondoe msiowataka. Pande zote mbili zina hoja. Ila zote zinazunguka jambo linalolidhoofisha tawi lolote la aina hii, nalo ni kwamba pesa zake hupitia kwanza mkononi mwa mwajiri.

Nianze na wanaotaka kujitoa, maana ni rahisi kuwapuuza na si haki. Hadi 1999, barua na simu zilikuwa chini ya shirika moja, lile la posta na simu lililoitwa KPTC. Fundi wa waya na karani wa stempu walikuwa na bosi mmoja na pesilipu moja, na chama kimoja kiliwafaa. Kisha shirika likagawanywa: Posta upande huu, Telkom upande ule, na msimamizi wa sekta peke yake. Mwaka 2007 asilimia 51 ya Telkom ikauzwa kwa France Telecom na maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Mwaka huohuo M-Pesa ikaanza, na biashara ya kutuma pesa kupitia kaunta za posta ikaanza kuporomoka. Barua zilikuwa zimeshahamia kwenye baruapepe, na vifurushi vikachukuliwa na kampuni za usafirishaji, mabasi ya abiria na vijana wa bodaboda.

Kwa hiyo karani wa GPO, posta kuu ya Nairobi, akisema shida yake si shida ya mtu wa simu, anasema kweli. Mwenzake anahangaika na mwekezaji anayeingia na kutoka. Yeye anahangaika na shirika la serikali linalokosa mapato lakini bado linatakiwa kufungua milango mpaka vituo vidogo vya mashambani. Na wanaotaka kujitoa wana mfano wa kuonyesha. Walimu wa shule za upili walitoka KNUT, chama cha walimu, wakaunda KUPPET iliyosajiliwa 1998, na ipo hadi leo.

Tatizo la mfano huo ni hesabu. Walimu ni mamia ya maelfu na serikali huajiri wengine mara kwa mara. Wafanyakazi wa posta ni wachache na wanapungua. Halafu kuna Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Msajili wa Vyama anaweza kukataa kusajili chama kipya iwapo kilichopo tayari kinawakilisha vya kutosha kundi lilelile. Kikisajiliwa, mwajiri halazimiki kukitambua mpaka kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga na chama. Hebu fikiria tawi limegawanyika, huku asilimia 45, kule 40, waliobaki wamekata tamaa na wote. Hapo hakuna anayevuka nusu, na mazungumzo ya mkataba mpya wa pamoja yanasimama huku mwajiri akisema kwa upole kwamba yuko tayari kuzungumza na yeyote atakayethibitisha ana wengi. Kesi ya kuamua nani ana wengi inaweza kukaa mahakamani Milimani muda mrefu kuliko uvumilivu wa mtu mwenye karo ya kulipa.

Wanaosema tungoje uchaguzi nao wana jambo. Chama kikubwa kina wanasheria, kina historia ya mikataba kabatini, na kina kiti COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi. Tawi peke yake haliwezi kulipa wakili wa kufuatilia fidia ya watu mia waliopunguzwa kazi. Kwa Sheria ya Ajira, anayepunguzwa kazi anastahili angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia, na chama lazima kipewe notisi ya mwezi mmoja kabla. Haki hiyo ina maana tu pale ambapo kuna mtu ofisini anayeipokea notisi hiyo, anaisoma na kuijibu kwa wakati.

Lakini uchaguzi ni kila baada ya miaka mitano. Katikati yake kuna nini? Mkutano wa tawi, nadhani, kila mwanachama wa chama chochote Nairobi anaujua. Unaitishwa saa saba wakati wa chakula. Nusu saa ya kwanza inaisha kwa kungoja akidi. Inafuata michango ya matanga, jambo jema ambalo hakuna anayethubutu kulifupisha. Mtu akiuliza makato ya ada yanafika ngapi kwa mwezi na tawi linabaki na ngapi, mweka hazina anasema taarifa iko makao makuu na italetwa. Saa nane inagonga, watu wanarudi kaunta. Sheria inampa mwanachama ruhusa ya kukagua vitabu vya hesabu na orodha ya wanachama, lakini sijui ni wangapi wamewahi kuvifungua. Ukibadilisha viongozi bila kubadilisha mkutano huo, umebadilisha tu sauti inayosema taarifa italetwa.

Sasa tuje kwenye mfuko. Mwanachama hutia sahihi Fomu S, ile ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, na mwajiri anatakiwa kuanza kukata ada ndani ya siku 30 baada ya kuipokea. Kuanzia hapo mwanachama hana la kufanya. Ada ni mstari mmoja kwenye pesilipu, chini ya mkopo wa sacco. Mfumo huu umezilea taasisi nyingi za wafanyakazi nchini. Ndio huohuo unaozifunga kamba. Mshahara usipolipwa, ada nayo hailipwi. Ina maana kwamba mwezi ule wanachama wanapokihitaji chama kuliko wakati wowote, ndio mwezi ambao chama hakina hata nauli ya kumpeleka mwakilishi Mombasa.

Yaliyoipata KNUT yanatosha kuwa onyo. Katikati ya 2019 ilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000. Mzozo wake na TSC, tume inayowaajiri walimu, ulipopamba moto, wanachama wake wakaachwa nje ya nyongeza ya mkataba wa 2017 hadi 2021 huku wasio wanachama wakiipata. Walimu wakahama kwa maelfu na makato yakakauka. Kufikia 2021 chama kilikuwa na wanachama wasiofika 30,000, na Wilson Sossion akajiuzulu ukatibu mkuu mwezi Juni. Unaweza kumlaumu Sossion, unaweza kuilaumu TSC, na mabishano hayo bado yanaendelea. Ninachokiona mimi ni kwamba chama kilichoanzishwa 1957 kilipigishwa magoti kwa mabadiliko kwenye kompyuta ya mishahara, bila risasi wala amri ya kukifuta.

Dawa, basi, ni kuachana na makato na kukusanya ada kwa mkono? Hapana. Ada inayolipwa kwa hiari kwa simu huanza kwa bidii mwezi wa kwanza, na kufikia wa nne wanaochangia ni walewale kumi. Tena anayeikusanya anageuka mshukiwa hata akiwa malaika. Na ile ada ambayo sheria inaruhusu atozwe asiye mwanachama, kwa kuwa naye ananufaika na mkataba wa pamoja, haikusanyiki bila pesilipu. Makato yabaki. Kinachokosekana ni mfuko mdogo wa tawi lenyewe, nje ya pesilipu, wenye watia sahihi watatu na taarifa inayobandikwa kila mwezi kwenye ubao ambao kila zamu inaupita. Hata shilingi hamsini kwa kichwa zinatosha nauli, nakala za barua na ada za kufungua kesi ndogo. Makao makuu hayatafurahi, na nawaelewa: mfuko wa tawi ni mbegu ya tawi lisilosikia. Hatari hiyo ipo kweli. Naona ni ndogo kuliko hatari ya tawi lisilo na chochote.

Kwa wanaohofia tawi lisilosikia, ipo hadithi ya New York. Machi 1970, wasambaza barua wa Marekani walikuwa wakihitaji miaka 21 kufikia kiwango cha juu cha mshahara, na mgomo kwa mfanyakazi wa serikali ulikuwa kosa la jinai. Tawi la 36 la Manhattan na Bronx lilipiga kura, 1,555 dhidi ya 1,055, likagoma kinyume cha matakwa ya viongozi wake wa taifa. Mgomo ukaenea katika miji mingine hadi wagomaji wakapita 200,000, na Rais Nixon akapeleka wanajeshi kupanga barua. Kabla ya mwaka kuisha, sheria mpya iliwapa haki ya kujadiliana mishahara, ingawa mgomo ulibaki marufuku. Kinachonivutia ni kilichofuata. Waasi wale hawakuunda chama kipya. Mmoja wao, Vincent Sombrotto, alichaguliwa kuongoza tawi lake, na 1978 akachaguliwa rais wa chama kizima cha taifa.

Nairobi si New York, na sipendekezi mtu yeyote agome bila notisi ya siku saba. Ila mpangilio wa mambo unafaa kuangaliwa: tawi kwanza, makao makuu baadaye. Uasi ule ulianzia kwa wanaobeba mifuko ya barua, kabla ya wagombea. Hapa kwetu watu hao ni wawakilishi wa wafanyakazi katika kila kituo, kuanzia chumba cha kupanga barua hadi kaunta ya mtaani yenye karani mmoja. Kituo kisicho na mwakilishi anayejua kuandika lalamiko, kuliweka tarehe na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri ni kituo ambacho chama hakipo, hata kama kila aliye pale anakatwa ada.

Linabaki suala ambalo pande zote mbili hazipendi kuligusa: watu wa kandarasi na waendesha pikipiki wa vifurushi. Wa ajira ya kudumu huwaona kama wanaoshusha bei ya kazi, na pengine kweli wanaishusha, lakini si kwa kupenda kwao. Wale wa kandarasi walioajiriwa na shirika na wanaostahili kujiunga wanahesabiwa kwenye ile nusu inayotakiwa na sheria, wawe wamejiunga au la. Kila mzee anayestaafu akibadilishwa na kijana wa mkataba wa miezi sita ambaye hakuna aliyemletea Fomu S, wingi wa chama unapungua. Mwajiri akiona nusu haipo tena, anaweza kuomba utambuzi ufutwe, na hapo mabishano ya kujitoa au kungoja uchaguzi hayatakuwa na wa kuyasikiliza. Tawi lenye akili lingeanza na orodha hiyo wiki hii, kituo kwa kituo, kabla ya kumjadili katibu yeyote.